Aibu Ina Mwenyewe

Mtaa mzima ulijua kwamba Cheche anamwogesha mama yake, na mtaa mzima ulikuwa na la kusema.

Kwenye benchi la kinyozi, pale ambapo watu hukaa hata kama hawana nywele za kunyoa, habari hiyo ilidumu kuliko habari nyingine zote za mwaka ule. Wako waliosema huyo ndiye mwana wa kupigiwa mfano. Wako waliosema mapenzi yawe makubwa kiasi gani, kuna mlango ambao mtoto wa kiume haufungui. Kinyozi alikuwa na kawaida ya kukubaliana na yeyote aliyekaa kitini, maana riziki yake ilikuwa kichwani mwa mtu huyo. Mteja akishaondoka ndipo alipotoa lake: "Mama yangu mimi angekubali kufa na jasho lake kuliko jambo hilo."

Cheche aliyasikia yote. Karakana yake ya kuchomelea vyuma ilitazamana na kinyozi, na ingawa mashine ya kukatia chuma huziba masikio, maneno ya kusengenywa hupenya hata tundu la sindano. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili, mpole wa sauti, mikono imejaa makovu madogomadogo ya moto, ndiyo maana wakamwita hivyo. Akisikia ametajwa, aliteremsha kofia yake ya kuchomelea usoni akaendelea na geti lililokuwa mbele yake.

Hakuwa ameitafuta kazi ile ya kuogesha. Ilimfuata yenyewe.

Mama yake alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia cha hospitali mpaka alipostaafu, na watu walimwita Mama Pasi kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona na nguo yenye kunyanzi. Hata nguo ya kufagilia ua ilikuwa na mstari. Alikuwa mrefu, mwenye mwili wa kutosha, na kauli yake ilikuwa ikishatoka imetoka. Aliishi na mwanawe na mkewe, ambaye alikuwa mwoka mikate, na wanawake hao wawili walikaa kama paka wawili kwenye dari moja: hawakupigana, lakini kila mmoja alijua mwenzake yuko kona gani.

Asubuhi moja Mama Pasi alianguka jikoni, kikombe mkononi. Kiharusi, daktari alisema. Upande wote wa kulia ukalala, na ulimi ukawa mzito. Alichotaka kusema kilitoka kama sauti ya mtu aliyejaza maji mdomoni.

Walimpata mwanamke wa kumhudumia. Dada yake Cheche, mshonaji wa nguo za harusi katika mji mwingine, ndiye aliyemtafuta, na kwa macho alionekana mtu wa maana. Siku moja Cheche alirudi nyumbani ghafla kuchukua futi ya kupimia aliyoisahau. Akamkuta yule mwanamke barazani anacheka na simu. Ndani, mama alikuwa kitini, nguo imelowa mkojo mpaka pembeni imeanza kukauka. Hakuwa analia. Uso wake alikuwa ameugeuzia ukuta. Katika maisha yake yote Cheche hakuwahi kumwona mama yake akitazama ukuta, na picha hiyo ilimkaa kifuani kama mfupa wa samaki.

Yule mwanamke aliondoka jioni ileile. Likabaki swali moja tu: nani?

"Mimi natoka kwenda kwenye tanuri alfajiri," mkewe alisema, "na mgongo wangu unaujua. Nikimwinua peke yangu tutaanguka wote, utakuwa na wagonjwa wawili. Siku zangu za mapumziko nitamwogesha mimi, nikiwa na wewe wa kuinua. Lakini siku nyingine zote, kumtoa kitandani, kumkalisha bafuni, kumrudisha, hiyo inataka mtu wa kunyanyua mageti."

"Mtu wa kunyanyua mageti ni mimi."

"Basi."

"Ni mama yangu."

"Najua ni mama yako. Ndiyo maana ukimkuta amelowa wewe ndiye unayekosa usingizi."

Mama Pasi alipoelewa nia ya mwanawe, alimzaba kofi. Mkono wa kushoto haukuwa na ugonjwa wowote. Akatoa mlio ambao haukuwa neno, lakini hata mtoto wa jirani angeelewa maana yake. Cheche alisimama na ndoo ya maji ya uvuguvugu mpaka maji yakapoa. Kesho yake vivyo hivyo, kofi na ndoo. Alimfuta uso na mikono tu, na harufu ikaanza kukaa chumbani, na mama akaanza tena kutazama ukuta.

Ndipo Cheche alipokwenda karakana na kurudi na kofia yake ya kuchomelea.

Kofia ile ina kioo cheusi mbele. Kama hakuna moto wa kuchomelea unaowaka, aliyeivaa yuko gizani kama aliyezibwa macho kwa kitambaa. Aliivaa mbele ya mama yake, akaiteremsha mpaka kidevuni.

"Mama, sioni hata pua yangu. Kama huniamini nyoosha vidole, nikuambie vingapi." Akasubiri kidogo. "Vitatu?"

Kisha akahisi mkono wa mama umeushika wa kwake na kuuongoza taratibu mpaka ukagusa ngumi. Hakuwa amenyoosha kidole hata kimoja. Na hapo, kutoka kwenye kile kiti, ikatoka sauti ambayo haikusikika nyumbani tangu siku ya kikombe. Mama alikuwa anacheka, upande mmoja wa mdomo, pumzi zikikwama na kuachia. Alipomaliza kucheka aligonga kofia ile kwa kidole, ngo ngo, kama mtu anayebisha hodi. Ruhusa ikawa imetolewa.

Kuoga kwa siku ile kulikuwa vita. Mama alifunikwa shuka, mwana alikuwa kipofu, na nusu ya maji iliishia kwenye miguu ya Cheche. Alikuwa anampaka povu kichwani, akipapasa kwa uangalifu wote aliojaliwa, aliposikia:

"Macho."

"Umesemaje, mama?"

"Macho. Sabuni. Mpumbavu wewe."

Maneno yalikuwa mazito, yamevutwa kama mzigo juu ya changarawe, lakini yalikuwa maneno, yana mwanzo na mwisho. Cheche alimwagia maji usoni mwa mama yake, na nyuma ya kile kioo cheusi akalia kama mtoto. Hakuna tusi alilowahi kutukanwa lililomfurahisha namna ile.

Ikawa ndiyo desturi yao ya asubuhi. Yeye alivaa kofia, mama alitoa amri, na kila siku amri zilizidi kunyooka: juu, chini, maji ya moto, hayo yamepoa, mgongo, si hapo. Baada ya wiki kadhaa Mama Pasi mwenyewe, akiwa amejifunga shuka lake kifuani, aliipiga ile kofia kwa kiganja.

"Toa."

"Mama?"

"Toa hilo sufuria. Unaloanisha nyumba nzima."

Akalitoa. Mama alimtazama usoni muda mrefu, akatazama na mikono yake mwenyewe, kisha akamgeuzia mgongo asugue. Halikuzungumzwa zaidi ya hapo.

Lakini mtaani liliendelea kuzungumzwa. Kule kwenye tanuri wenzake walimuuliza mke wa Cheche kama mume wake sasa amekuwa yaya. Aliwajibu huku akikanda unga: "Yaya mwenye misuli ile, nani kati yenu asingemtaka?" Wakacheka, wakaacha. Kwa Cheche mambo hayakuwa mepesi hivyo. Mteja mmoja wa zamani alihamisha kazi ya madirisha yake kwa fundi mwingine, akasema hapendi fundi asiye na mipaka.

Kisha akaja mjomba.

Mjomba alikuwa na bucha mwisho wa mtaa. Alikuwa mdogo wake Mama Pasi, na mama yao alipofariki ni dada huyo aliyemlea, akamsomesha, akamwozesha. Tangu dada augue, mjomba alikuwa amemtembelea mara chache sana. Alileta nyama nzuri, nyama ya kuchagua, akaiacha mlangoni na kuuliza hali akiwa amesimama nje. Cheche alijua si ubaya. Mjomba hakuweza kumwona dada yake akiwa vile.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Zima hiyo mashine."

Cheche akazima. Ng'ambo, mkasi wa kinyozi nao ukanyamaza.

"Nimesikia maneno na sikutaka kuyaamini," mjomba alisema, akivuta ndoo tupu na kuikalia. "Nikasema nije nisikie kwako."

"Ni kweli."

"Unasema hivyo bila hata kutazama chini."

"Nitazame chini kwa nini, mjomba? Sijaiba."

"Hujaiba, umevunja." Mjomba aliteremsha sauti. Hakuwa mtu wa ugomvi, na alionekana ameyafikiria maneno yake njiani. "Sikiliza, mpwa wangu. Heshima ni umbali. Mama yako ni mama kwa sababu kuna mambo yake usiyoyajua. Ukishayajua yote, nani amebaki? Mgonjwa tu. Mimi dada yangu alinilea. Namkumbuka akisimama mlangoni na sare yake nyeupe, mtu hathubutu kupita na viatu vichafu. Huyo ndiye ninayetaka abaki. Wewe unambomoa."

"Na akikaa na mkojo wake, hiyo heshima inakaa wapi?"

"Tafuta mwanamke mwingine."

"Tulitafuta. Ulisikia yaliyotokea."

"Dunia ina mwanamke mmoja?"

Lilikuwa swali la haki, na Cheche mwenyewe alijiuliza mara nyingi akiwa kitandani. Alichokuwa nacho kilikuwa kitu kimoja tu. "Anaongea, mjomba."

Mjomba akainua uso. "Anaongea?"

"Ananitukana kila asubuhi."

Kwa muda mfupi ilionekana kana kwamba mjomba angecheka, au angelia. Halafu akasimama, akakung'uta suruali. "Jumapili njoo kwangu. Dada yako nimeshampigia simu, anakuja. Nataka mgonjwa ahamie nyumbani kwangu. Kuna mke wangu, kuna binti zangu. Wanawake wamejaa. Hili jambo liishe kwa heshima."

Wakati maneno hayo ya mtaani yakisemwa, mambo mengine yalikuwa yakiendelea uani. Kliniki ya hospitali ilikuwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Alimwambia Mama Pasi waziwazi: "Mguu umesahau kazi, mama, haujafa. Mguu ni kama mtoto mtoro, unarudishwa shule." Akamwelekeza Cheche atengeneze vyuma viwili vya kushikia, vinavyokwenda sambamba, kimo cha kiuno. Cheche alivitengeneza kwa mabomba, akavisimika uani, akapiga msasa kila alipochomelea mpaka pakawa laini kama kijiko, ili visije vikamchoma mama kiganja.

Mwanzoni mama alikwenda vizuri, akiburuta mguu na kuusema kama anavyosemwa mfanyakazi mvivu. Kisha siku moja alianguka katikati ya vyuma, akakaa chini kwa hasira, na tangu hapo kila Cheche alipomwita kwenye mazoezi alikataa. "Nimechoka," alisema. Cheche hakumlazimisha. Aliona labda mtu hufika mahali pake pa mwisho, na mahali pa mama yake palikuwa hapo. Mawazo hayo hakumwambia mtu, hata mkewe.

Jumapili ikafika. Dada mtu alikuwa ameingia jana yake, amembusu mama, amelia, na usiku akamwambia mdogo wake jikoni: "Sikulaumu. Lakini na mimi watu wananiuliza huko, binti yuko wapi mpaka mtoto wa kiume ndiye anashika sabuni? Nijibu nini?" Aliona haya kwa kutokuwepo, na haya hiyo ilimfanya awe upande wa mjomba.

Cheche alivaa shati safi. Mama alikuwa kitini karibu na dirisha.

"Wapi?" akauliza.

"Kwa mjomba. Kuna kikao."

"Cha nini?"

Hakuwahi kumdanganya. "Wanakuzungumzia wewe, mama. Mjomba anataka uhamie kwake."

"Mimi." Akalitafuna neno hilo. "Bila mimi?"

"Amesema usichoshwe."

Mama Pasi aligeuza macho kwa mkwewe, aliyekuwa amesimama mlangoni na taulo begani, na wale wanawake wawili wakatazamana. Cheche aliliona lile tazamo, akashangaa kidogo, lakini alikuwa na mzigo wake moyoni na hakuliuliza.

Sebule ya mjomba ilikuwa ubavuni mwa bucha, mlango wake ukifunguka barabarani kwa vidato vichache. Walikaa: mjomba kwenye kiti kikubwa, mkewe pembeni, dada mtu kwenye kochi, Cheche kwenye stuli kama mshtakiwa. Mjomba alizungumza kwa utaratibu. Alisema hakuna anayekana kazi aliyofanya kijana. Alisema lakini jamii ni macho, na mtu haishi peke yake kama mwezi. Dada mtu alisema ingekuwa vizuri kama mama angekaa na wanawake wenzake. Mke wa mjomba alisema yeye yuko tayari, ingawa alilisema kama mtu anayekubali mzigo kabla ya kuuona.

"Na wewe una nini cha kusema?" mjomba akamuuliza Cheche.

Cheche alifungua mdomo. Alitaka kusema juu ya ile ngumi, juu ya sabuni na neno la kwanza. Lakini mambo hayo, yakitolewa bafuni na kuletwa sebuleni, aliona yatasinyaa. "Sijui kusema vizuri," akaanza. "Ninachojua..."

Akanyamaza kwa sababu nje palikuwa pametulia mno.

Jumapili mtaa ule haunyamazi. Kuna redio, kuna watoto, kuna mashine ya kinyozi. Vyote vilikuwa vimezimika, kama mtu aliyebana pumzi. Mke wa mjomba alichungulia dirishani, akashika shavu. "Jamani," akasema taratibu. "Njooni muone."

Wakatoka wote mpaka kwenye vidato.

Mama Pasi alikuwa barabarani. Amevaa gauni lake la bluu, limenyooshwa mpaka mikunjo ya mikono inasimama yenyewe, na mkono wa kushoto ameshika fimbo. Anatembea. Mguu wa kulia ulikuwa unachelewa, unachora nusu duara kabla ya kutua, lakini ulikuwa unatua. Pembeni yake alikuwa mkwewe amebeba kigoda, na mkono wake mwingine ameuweka nyuma ya mgongo, kana kwamba ameapa kutomgusa.

Uani, ndani ya vyuma, mama hakuwahi kufika hata nusu. Ndipo Cheche akaelewa yale mazoezi yaliyokataliwa, na kwa nini siku za karibuni mkewe alirudi kutoka kwenye tanuri akakimbilia uani bila hata kuvua aproni. Mama hakuwa amekata tamaa. Alikuwa amechoka kuangukia mbele ya mwanawe, akachagua kuangukia mbele ya mwanamke mwenzake.

Mjomba alikuwa wa kwanza kuruka. "Dada, subiri, nakuja nikushike."

"Kaa."

Ilikuwa ile sauti ya chumba cha kufulia. Mjomba, mtu mzima mwenye bucha na wajukuu, akakaa kidatoni kama mtoto aliyekatazwa. Cheche naye akabaki pale alipo. Wakawa wamezuiwa pamoja, wapinzani wawili, kila mmoja akiwa anatembea kila hatua moyoni mwake na hakuna anayeruhusiwa kusogea.

Mbele ya kinyozi, benchi lilikuwa limeingia njiani. Watu wote waliokuwa wamelikalia waliinuka kwa pamoja, na wawili wakalibeba kulisogeza. Mteja mmoja alitoka nje na nywele za upande mmoja tu, kitambaa bado shingoni. Mama Pasi alifika hapo, akamwashiria mkwewe, kigoda kikawekwa, akakaa. Alihema. Aliwatazama watu wa benchi mmoja mmoja, bila haraka, kama mtu anayekagua mashuka kabla ya kuyatoa wodini.

"Hamjambo," akasema.

"Hatujambo, mama," wakaitikia kama darasa.

"Kazi yenu mnaifanya vizuri? Ya kuzungumza?"

Kinyozi alitazama mashine yake kana kwamba imeharibika. Mama Pasi akasimama, mara ya kwanza akarudi kitini, mara ya pili akasimama kweli, na akaendelea. Nyuma yake mtu mmoja akaanza kupiga makofi, mwingine akamfuata, na mama akainua fimbo kidogo bila kugeuka, wakaacha. Hakuwa amemaliza.

Vidato vya mjomba vilikuwa ndio mlima. Aliweka fimbo, akaweka mguu mzima, akauita ule mwingine. Ulikataa. Akauita tena, kwa jina ambalo mke wa mjomba aliziba masikio asilisikie. Ukapanda. Cheche alikuwa ameuma mdomo mpaka akaonja damu. Kidato cha pili, kisha cha juu, na Mama Pasi akavuka kizingiti cha mdogo wake kwa miguu yake, akaenda moja kwa moja kwenye kile kiti kikubwa, akakikalia.

"Sasa," akasema. "Endeleeni."

Wengine walimfuata ndani; mjomba alibaki kidatoni, mlango ukiwa wazi.

"Basi nitasema mimi. Polepole. Ulimi una kilema." Alimtazama mdogo wake. "Ulisema mwanangu amenivunjia heshima."

"Dada, mimi nilitaka..."

"Najua ulichotaka. Unataka nibaki kama zamani. Na mimi nataka." Alipumua. "Mimi nilikataa. Nilimpiga. Ningekataa mpaka leo kama ningetaka, mkono ninao. Mwanangu alijifanya kipofu kwa ajili yangu. Nikacheka. Siku moja nikamwambia, fungua macho. Ni mimi niliyesema. Aibu ilikuwa yangu, si ya mtaa, si yako. Aibu ina mwenyewe. Mwenyewe ameiweka chini. Nyinyi mnaiokota ya nini?"

Dada mtu alikuwa ameanza kulia. Mama alimgeukia. "Na wewe usilie. Ukiulizwa binti yuko wapi, sema yuko kazini. Mimi pia nilikuwa kazini siku zenu zote."

Mjomba alikuwa ameinamisha kichwa. "Lakini dada," alisema, na haikuwa sauti ya kubishana, ilikuwa ya mtu anayeuliza kweli, "mtu akibaki bila kitu cha kufichwa, anabaki na nini?"

"Anabaki na yule aliyemchagua kumwonyesha," mama akasema. "Wewe hukuja kuniona. Uliogopa. Ulisimama nje na nyama. Nilikuwa nakusikia. Sasa niambie nani aliniheshimu, aliyeingia au aliyebaki mlangoni?"

Mjomba aliondoka kidatoni, akaingia, akapiga magoti mbele ya kile kiti, mtu mzito yule, akauchukua mkono wa kulia wa dada yake, ule uliolala, akauweka kichwani mwake. Sebule nzima ikageuzia macho pembeni.

"Inuka," mama akasema baada ya muda. "Suruali yako haijapigwa pasi, usiiongezee. Na jambo la mwisho, ili mfunge kikao chenu. Mnazozania nani aniogeshe." Akamtazama mkwewe, na mkwe akaanza kutabasamu kabla hata neno halijatoka. "Jana mchana nilioga mwenyewe."

Cheche akageuka. "Mama?"

"Ulikuwa karakana. Huyu alikaa nje ya mlango. Nikaoga. Nikajikausha. Mgongo sikuufikia, lakini mgongo nani anauona?"

Kicheko kilianzia kwa mke wa mjomba, kikapita kwa dada mtu, kikamfikia mjomba akiwa bado chini, na kutoka nje, kwa wale waliojifanya wanapita, kikarudi kikiwa kikubwa zaidi. Cheche hakucheka mara moja. Alikuwa anamtazama mkewe. Mkewe akainua mabega, kama kusema, hata mimi nina mambo yangu na mama yako. Ndipo na yeye kikamtoka, kicheko cha mtu aliyetua mzigo na kugundua kumbe mgongo bado umenyooka.

Walileta chai. Mama Pasi alikunywa kwa mkono wa kushoto bila kumwaga. Kabla ya kuondoka, mjomba alimvuta mpwa wake kando, karibu na mlango wa bucha, akakohoa kama mtu anayetafuta pa kuanzia.

"Sijakubaliana na yote," akasema.

"Sawa, mjomba."

"Nasema usije ukasema nimekubali yote."

"Sitasema."

"Vile vyuma ulivyomtengenezea. Vya kushikia." Akatazama magoti yake. "Nitengenezee na mimi kimoja, cha bafuni. Haya nayo yameanza maneno."

"Nitakuja kupima kesho."

Gari lilikuwepo, mjomba alitoa na ufunguo, lakini Mama Pasi alilikataa. Akashuka vidato kama alivyopanda, kimoja kimoja, na safari hii hakumzuia mdogo wake kutembea karibu. Mjomba alijitahidi kwenda mwendo wake, hatua moja, kusubiri, hatua moja. Upande wa pili alikuwa dada mtu, nyuma mkwe na kigoda, na Cheche mwisho kabisa, mikono mfukoni kwa sababu hakukuwa na kitu cha kubeba. Barabara nzima iliwapisha. Mwenye baiskeli alishuka akasubiri. Mama Pasi alitembea katikati ya njia, kidevu juu, akisalimiwa kushoto na kulia, na alipofika pale kigoda kilipowekwa mara ya kwanza, hakukaa. Alipita.